Alama 1010 akiwa na miaka 12: kisa cha binti aliyefanya SAT mapema

Kisa hiki kinahusu familia ya Kitanzania inayoishi katika jimbo moja la katikati ya Marekani. Majina na mambo machache ya kifamilia nimeyabadilisha, na alama nimezisogeza kidogo, kwa kiasi kisichogeuza maana yake. Wazazi wenyewe wameridhia kisa chao kitumike kuwafundishia wengine. Nimekiandika kwa sababu familia zetu huku ughaibuni zinaendelea kupokea barua kama waliyopokea hawa, na nyingi hazina mtu wa karibu wa kumwuliza.

Familia na barua

Binti, nitamwita Neema, alifika Marekani akiwa na miaka saba, Kiingereza chake hakizidi salamu. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa marefu. Mama yake anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nyumbani wanazungumza Kiswahili, na mama halegezi kamba katika hilo. Kufikia darasa la saba Neema alikuwa ameshamaliza masomo ya ziada ya lugha wanayopewa watoto wageni. Kwenye hesabu alikuwa hashikiki: mtihani wa kitaifa unaofanywa shuleni kwao ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wa darasa lake nchini, amewapita 99. Kwenye kusoma Kiingereza alikuwa amewapita 81.

Matokeo hayo ya hesabu ndiyo yaliyoleta barua. Ilitoka kwenye mpango wa kusaka vipaji ulio chini ya chuo kikuu kimoja, ikimwalika Neema kufanya SAT, mtihani ule ule wanaofanya vijana wa miaka 17 wanaoomba kuingia vyuoni.

Baba Neema alidhani ni utapeli. Mama Neema alielewa kuwa chuo kikuu kinamtaka mwanawe. Wote wawili walikosea, na kosa la mama ndilo lililozaa matatizo zaidi, kwa sababu jioni ile ile habari ilifika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: Neema ameitwa kufanya mtihani wa chuo kikuu. Bibi yake akapiga simu kutoka nyumbani kumwombea dua. Wajomba wakaanza kuuliza atasoma udaktari au uhandisi.

Hapa inabidi kukumbuka wazazi hawa wametoka wapi. Kwa Mtanzania wa umri wao, darasa la saba ndilo darasa la mtihani. Ukifanya vibaya, hukuchaguliwa kwenda sekondari, na kwa wengi safari iliishia hapo. Baba Neema mwenyewe anakumbuka orodha ya majina iliyobandikwa ukutani. Mtu aliyepita njia hiyo akisikia “darasa la saba” na “mtihani mkubwa” katika sentensi moja, hawezi kuupokea kama jaribio la hiari lisilo na adhabu. Ndivyo Neema naye alivyoupokea, kwa kuwatazama wazazi wake.

Kwa nini mtoto wa miaka 12 apewe mtihani wa vijana wa miaka 17

Utaratibu huu una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia Julian Stanley wa chuo kikuu cha Johns Hopkins alikutana na mvulana wa miaka 13, Joseph Bates, ambaye shule haikuwa na cha kumfundisha tena katika hesabu. Stanley akampa mitihani ya watu wazima ili ajue uwezo wake unaishia wapi, na mvulana akaingia chuo kikuu akiwa na umri huo huo. Mwaka 1971 Stanley alianzisha utafiti wa watoto wenye kipaji cha hesabu, na mwaka 1972 akaendesha msako wa kwanza wa vipaji kwa kutumia SAT ya hesabu. Vyuo vingine, Duke na Northwestern vikiwamo, vilifuata miaka ya mwanzo ya 1980. Mpango wa Duke umeshafungwa, mingine ipo.

Hoja yake ni nyepesi. Mtihani wa darasa la saba ni kama rula fupi: watoto wote warefu kuliko rula wanasomeka sawa. Wawili waliowapita wenzao 99 kati ya 100 wanaweza kuwa mbali sana. Mmoja anamudu vizuri kabisa yale yaliyofundishwa; mwingine angeweza kukaa na wanafunzi wa kidato cha pili na asipotee. Mtihani mgumu zaidi unawatenganisha, na shule inapata kujua nani apewe nini.

Kazi ya mtihani huu kwa mtoto mdogo inaishia hapo. Haumwingizi chuoni. Matokeo hayapelekwi chuo chochote pasipo mwanafunzi mwenyewe kuyatuma, na hakuna anayefeli kwa sababu hakuna alama ya kufaulu. Barua ilieleza haya yote katika ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili haukusomwa hadi matokeo yalipotoka.

Maandalizi na siku ya mtihani

Neema alifanya mtihani Machi 2024. Mwezi huo ndio SAT ilipohamia rasmi kwenye kompyuta kwa wanafunzi wote wa Marekani, baada ya nchi nyingine kuanza mwaka uliotangulia. Ada ilikuwa dola 60. Msamaha wa ada unaotolewa na College Board, wenye mtihani, ni wa wanafunzi wa darasa la 11 na 12 tu, yaani miaka miwili ya mwisho ya sekondari, kwa hiyo wazazi walilipa mfukoni.

Mtihani mpya ni wa saa 2 na dakika 14. Kusoma na kuandika kuna maswali 54, hesabu maswali 44. Kila somo limegawanywa vipande viwili, na hapa ndipo penye jambo ambalo familia haikulijua: ugumu wa kipande cha pili unategemea ulivyofanya cha kwanza. Aliyefanya vizuri hupewa kipande kigumu zaidi; aliyeyumba hupewa chepesi. Aliyepelekwa kwenye chepesi hawezi kufika alama za juu kabisa, hata akikijibu chote.

Mtu aliyemwandaa Neema alikuwa kaka yake, mtoto wa shangazi, aliyefanya SAT kabla ya mwaka 2016. Ni kijana mwenye moyo, alitumia Jumamosi nzima kukaa na mdogo wake. Alimfundisha kugawa muda, akamwonyesha maswali ya zamani, na akamsisitizia jambo moja kuliko yote: kama hujui, acha wazi, kwa sababu jibu baya linakukata alama.

Zamani ilikuwa hivyo kweli. Kila jibu baya la swali la kuchagua lilikuwa linakata robo ya alama. Adhabu hiyo iliondolewa mwaka 2016, na tangu hapo kuacha swali wazi ni hasara tupu: ukibahatisha unaweza kupata, ukiacha wazi huwezi.

Neema alitii. Katika kipande cha kwanza cha hesabu, chenye maswali 22, aliacha matano.

Matokeo

Yalitoka baada ya wiki mbili: hesabu 560, kusoma na kuandika 450, jumla 1010 kati ya 1600.

Baba Neema alikuwa barabarani, amepaki kwenye kituo cha malori. Mama alimtumia picha ya matokeo. Akatoa kikokotoo cha simu, akagawa 1010 kwa 1600, akapata 63 kwa mia. Kisha akafanya hesabu ya mtu aliyesoma kwetu: 63 ni C. Akampigia mkewe. Maneno yake mama alinirudia baadaye: “Mama Neema, huyu si ndiye tuliyeambiwa wa kwanza? C?” Simu ilikuwa kwenye spika na Neema alikuwa mezani.

Mambo mengine mawili yaliongeza uzito. Familia jirani, Wakenya, wana kijana aliyefanya mtihani huo huo akiwa darasa la nane, akapata 1120. Na mjomba mmoja, kwa nia njema kabisa, alitafuta kwenye intaneti “alama nzuri ya SAT kwa mtoto mdogo” akakuta habari za watoto waliopata 700 ya hesabu kabla ya kutimiza miaka 13. Akaituma kwenye kundi la ukoo. Kuanzia hapo 700 ikawa ndiyo alama ya kufaulu, na 560 ikawa aibu.

Neema alikataa kwenda kwenye klabu ya hesabu ya shule. Alimwambia mama yake kwamba mwalimu alikosea kumchagua. Ni kauli hiyo iliyomfanya mama anipigie simu. Huwa nasaidia familia zetu kuelewa mambo ya shule, na alitaka kujua jambo moja: kama binti arudie mtihani Mei au waachane nao kabisa.

Ripoti inasomwa upya

Nilikwenda Jumapili, baba akiwa amerudi. Tulikaa mezani na ripoti yenyewe, tukaanza na ile 63.

Alama za SAT hazianzi sifuri. Kila somo linaanzia 200 na kuishia 800, kwa hiyo mtu asiyejibu chochote ana 400 tayari. Kugawa kwa 1600 hakukupi chochote cha maana. Hata ukiondoa zile 400, bado huna asilimia ya maswali aliyopata, kwa sababu alama hizo zimepangwa kulingana na ugumu wa maswali. Baba alilielewa hili haraka kuliko nilivyotarajia. Alisema, “Mwalimu, basi hii namba peke yake ni bubu.” Nikamwambia ndiyo, mpaka uiweke karibu na ya mtu mwingine, na uchague mtu huyo kwa makini.

Ripoti ilikuwa imemweka Neema karibu na nani? Karibu na wanafunzi wa darasa la 11 na 12. Waliohitimu sekondari mwaka 2023 nchini Marekani na kufanya SAT walipata wastani wa 1028. Kwa maneno mengine, binti wa miaka 12, aliyeanza kusoma Kiingereza akiwa na miaka saba, ambaye hajafundishwa aljebra, alikuwa karibu sawa na kijana wa kawaida anayemaliza sekondari. Na kwenye hesabu alikuwa amevuka 530, alama ambayo College Board wenyewe wanaichukulia kuwa dalili ya utayari kwa hesabu za mwaka wa kwanza wa chuo. Nililisema hili polepole, nikiwa namtazama Neema na si wazazi wake. Aliuliza kama nasema kweli.

Jambo la pili lilikuwa jumla. Kwa mtoto anayejifunza kwa lugha ya pili, mimi naona jumla haifai kutazamwa kabisa. Kusoma na kuandika kwenye SAT ni vifungu vifupi, kila kimoja na swali lake, na baadhi vimetolewa kwenye maandishi ya karne ya 19 na mashairi. Neema alikwama hapo. Alisema kuna kifungu alikisoma mara nne na bado hakujua anayezungumza ni nani. 450 yake inaeleza umbali aliobakiza katika Kiingereza kizito cha vitabu. 560 inaeleza jambo jingine kabisa. Ukizijumlisha unapata namba isiyoeleza lolote.

Tatu, kila alama ina ukingo wake. Mtoto yule yule akirudia mtihani kesho yake anaweza kupanda au kushuka alama 30 hivi katika somo moja. Kubishana kama 560 ni bora kuliko 540 ni kupoteza muda.

La nne alilileta mama, na ndilo lililogeuza mazungumzo. Alikumbuka kwamba siku ya mtihani, kwenye gari, alimwuliza mwanawe hesabu ilikuwaje, na Neema akajibu kwa furaha: “Ya kwanza ngumu, mama, ya pili rahisi, nilimaliza nikakaa.” Kwa kila mtu ndani ya gari hiyo ilikuwa habari njema. Nilimwomba Neema anieleze alivyofanya kipande cha kwanza, ndipo tukasikia habari ya maswali matano yaliyoachwa wazi. Ripoti haisemi mtoto alipewa kipande kipi, lakini maelezo yake yalielekeza upande mmoja: yaelekea alipelekwa kwenye kipande chepesi. Kama ni hivyo, 560 ilikuwa karibu na kilele cha njia ile. Mama aliinamisha kichwa. Kaka mtu alipoambiwa alifika usiku ule ule kumwomba mdogo wake radhi, na nadhani hilo lilimsaidia Neema kuliko maelezo yangu yote.

Kuhusu ile 700 ya mjomba: hiyo ni mipaka ya watafiti. Wanafunzi wa Stanley na waliomfuata, hasa Camilla Benbow na David Lubinski, waliitumia kuwatambua watoto walioonekana kuwa mmoja kati ya 10,000, kwa mtihani wa miaka ya 1980. Mizani ya alama ilipangwa upya mwaka 1995, na mtihani wenyewe umebadilishwa mara kadhaa baada ya hapo. Kuichukua namba hiyo na kumpima nayo mtoto wa mwaka 2024 ni kukosea mara mbili: kipimo si kile, na kundi lile si lake.

Maamuzi

Familia ilikuwa na mambo matatu ya kuamua.

Kurudia Mei au kutorudia? Baba alitaka arudie, sasa zaidi kwa vile amejua siri ya kipande cha kwanza. Hoja yake ilikuwa na nguvu: alama ya kweli ya binti huenda ni kubwa zaidi. Swali nililowarudishia ni moja tu, alama kubwa zaidi ingefungua mlango gani ambao 560 haifungui? Tuliangalia masharti ya kozi za mpango uliomwalika. 560 ilitosha kwa zile za hesabu alizozitaka. Kwa kusoma na kuandika haikutosha, na mwezi mmoja wa kukariri usingebadilisha hilo. Waliamua asirudie.

Kambi ya majira ya joto? Mwaliko ulikuja, wa wiki kadhaa katika chuo, gharama dola elfu kadhaa. Walikataa bila kusita. Badala yake waliomba kozi ya mtandaoni, wakapata msaada uliofidia sehemu kubwa ya ada. Fomu ya msaada ilikuwa na muda mfupi sana, na kama wangeendelea kubishana wiki moja zaidi wangeikosa.

La tatu ndilo lililokuwa na uzito: darasa la hesabu la mwaka unaofuata. Katika shule yao watoto wa darasa la nane husoma hesabu za kawaida, na wachache huruhusiwa kusoma Aljebra ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni ya darasa la tisa. Neema hakuwa kwenye orodha. Mama aliomba kikao.

Mshauri wa shule alisema SAT ni mtihani wa sekondari na hawautumii kupanga madarasa, kisha akanyoosha kidole kwenye 450. Mama Neema alikuwa amejiandaa. Alikuwa na karatasi moja tu: matokeo ya mtihani wa shule kwa miaka mitatu, alama ya hesabu ya SAT peke yake, na mistari miwili ya mwalimu wa hesabu aliyekuwa anaunga mkono. Hakubishana kuhusu SAT. Alisema, “Siwaombi mumwamini huyu mtoto. Naomba mumpe mtihani wenu.” Shule ilikubali kumpima Agosti, na kama angefaulu, aanze Aljebra kwa majaribio hadi robo ya kwanza iishe.

Kilichofuata

Kuruka mwaka wa hesabu kunaacha mashimo, na kazi ya majira ya joto ilikuwa kuyaziba: mteremko wa mstari kwenye grafu, vipeo, kanuni ya Pythagoras, namba zisizoandikika kama sehemu. Kozi ya mtandaoni iligusa baadhi, mengine alifanya na mwalimu wake wa klabu, ambaye alijitolea saa moja kila Alhamisi.

Alifaulu mtihani wa Agosti. Robo ya kwanza alipata B, na nyumbani kukawa na wasiwasi tena. Mwalimu wa Aljebra aliwaandikia wazazi kuwa B ile ilitokana na kazi za nyumbani alizochelewesha na maswali ya maneno aliyoyasoma haraka. Hakuna hata moja katika hayo lililohusu kushindwa hesabu. Alibaki darasani na kumaliza mwaka na A.

Machi 2025 shule iliwapa darasa la nane lote PSAT 8/9, mtihani mdogo wa familia ya SAT. Kila somo linaishia 720, na alama zake ziko kwenye mizani moja na ya SAT, ndiyo maana zinaweza kulinganishwa. Hesabu alipata 620, kusoma na kuandika 540. Safari hii hakuacha swali hata moja.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kosa la kugawa kwa 1600 linaonekana kubwa kwa sababu ndilo lililomuumiza mtoto, lakini lilirekebishwa kwa dakika kumi. Lililoanza mapema zaidi ni kwamba mtihani ulifanywa kabla ya mtu yeyote kuuliza ni wa kazi gani. Laiti wazazi wangejua tangu barua ilipofika kwamba wanatafuta jibu la swali moja, yaani Neema aingie Aljebra au la, wangeisoma 560 kama jibu: ndiyo, apimwe. Wasingekuwa na sababu ya kuitafuta C.

Kutangaza kwenye ukoo kulikuwa na gharama ambayo wengi hawaihesabu. Furaha ile ilikuwa halali kabisa. Mtoto wa familia ya kawaida amechaguliwa, nani asingeitangaza? Lakini tangazo lilitengeneza wadai. Matokeo yalipotoka, watu wengi walikuwa wanasubiri, na mtoto wa miaka 12 akajua kwamba bibi yake anasubiri. Familia nyingine nilizozungumza nazo tangu hapo nimezishauri habari ya mtihani wa namna hii ibaki ndani ya nyumba mpaka uamuzi uliokuwa unatafutwa upatikane, kisha utangazwe huo uamuzi: “Neema ameanza Aljebra.” Bibi atafurahi vile vile.

Kumlinganisha na kijana wa jirani kulikuwa dhuluma ndogo. Alikuwa amemzidi zaidi ya mwaka mmoja na ameshasoma Aljebra. Katika umri huo mwaka mmoja wa darasa ni mkubwa mno kwenye mtihani ambao sehemu kubwa ya hesabu zake ni aljebra.

Ushauri wa zamani ndio uliogharimu alama nyingi kuliko kitu chochote. Kaka mtu hakuwa mzembe. Alifundisha mtihani aliofanya yeye, na mtihani huo haupo tena. Atakayemwandaa mtoto amfungulie Bluebook, programu ambayo mtihani wenyewe unafanyiwa, ambamo majaribio kamili yanapatikana bure. Jaribio moja tu lingemfundisha Neema mgawanyo wa vipande na kuwapo kwa kikokotoo ndani ya kompyuta. Kuhusu maswali asiyoyajua, mtoto aambiwe waziwazi kabla ya kuingia: jibu yote, weka alama ya kurudia kwenye yanayokusumbua, na dakika ya mwisho isikukute na nafasi wazi.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni karatasi ya Mama Neema. Alama ya SAT peke yake isingefungua mlango ule, na shule ilikuwa na haki ya kuitilia shaka. Ilichofanya ni kuungana na ushahidi mwingine na kumpa mama sababu ya kuomba kipimo ambacho shule inakiamini. Nimeshuhudia wazazi wakiingia kwenye kikao cha aina hii na kudai mtoto apandishwe kwa sababu ya namba, wakatoka mikono mitupu.

Je, ilikuwa lazima afanye SAT? Kama shule ingekuwa inatoa PSAT 8/9 kwa darasa la saba, ningewaambia waanze nayo. Ni ya rika la karibu zaidi, haiogopeshi, na kikomo chake kingemtosha Neema. Mtihani huo kwa kawaida hupatikana kupitia shule, na shule yao ilikuwa inautoa darasa la nane. Kusubiri mwaka kungemkosesha Aljebra. Kwa hali waliyokuwa nayo, dola 60 zile zilitumika vema.

Jambo moja mimi na Baba Neema hatujakubaliana. Ameona 450 ikipanda hadi 540, na anataka kumlipia binti tuisheni ya SAT mara mbili kwa wiki hadi darasa la 11. Mimi naona kusoma kwake kulipanda kwa sababu mwaka mzima alisoma vitabu virefu, vingi vya maktaba ya mtaa, baadhi akimsomea mama yake kwa sauti na kumfasiria kwa Kiswahili wakiwa jikoni. Tulipozungumza mara ya mwisho baba alikuwa amekubali kuahirisha hadi darasa la kumi, kwa sharti kwamba Neema amwonyeshe orodha ya vitabu kila akirudi safari. Orodha hiyo imebandikwa kwenye friji, na ameanza kuuliza kila kimoja kinahusu nini.